Muguu wa kuume si wa bule: freni ya nyuma ku moto ya sport

Saa ya kubadilisha posti, barabara ya kutoka mugodini inajaa pikipiki. Nyingi ni zile ndogo za kazi, zenye zinabeba batu wawili ao watatu na sakosi ya chakula. Lakini kati yao zinaonekana pia moto ya sport: gidoni ya chini, mupira wa nyuma munene, motere ya sauti kali. Kijana amepata kazi, ameweka makuta mwezi hata mwezi, kiisha amenunua moto yenye alikuwa anaangalia ku picha tu. Mama na watoto wanaisikia tangu mbali, wanasema: baba amefika.

Sasa, keti na wenye pikipiki, uwaulize juu ya freni. Utasikia maneno mawili yenye yanapigana. Mwenye pikipiki ndogo anasema: freni ya mbele inaangusha mutu, ni vizuri kutumia ya nyuma tu. Mwenye moto ya sport anasema: freni ya nyuma ni ya bule, kazi yote iko ku mbele. Kila mumoja ana kipande cha ukweli. Na kila mumoja anaweza kuanguka juu ya kile kipande chenye kinamukosa.

Ukweli wenyewe ni huu: ku moto ya sport, freni ya nyuma ni ndogo kwa kusudi. Haikutengenezwa juu ya kusimamisha moto peke yake. Freni ya mbele njo inasimamisha. Ya nyuma inashika moto isiyumbe. Mwenye anaelewa ile tofauti anarudi nyumbani na moto yake muzima, na yeye mwenyewe muzima.

Juu ya nini ni ndogo

Kila mutu mwenye amepanda nyuma ya kamio anajua: shoferi akikanyaga freni, batu wote wanasukumwa mbele. Pikipiki iko vile vile. Ukifunga freni, uzito unakimbilia ku gurudumu ya mbele, na ya nyuma inabaki nyepesi. Ku moto ya sport ile mambo inazidi, kwani moto ni mufupi na dereva anakaa juu, kifua kimeinamia mbele. Tuchukue mufano wa Yamaha YZF-R1 ya mwaka 2015: kati ya gurudumu ya mbele na ya nyuma kuko karibu metre 1,4 tu. Ukiifunga kwa nguvu ku gudroni kavu, gurudumu ya nyuma inaweza kuacha kugusa chini kabisa. Mupira wenye haugusi chini hauna freni, hata uifunge namna gani.

Njo maana watengenezaji wanaweka nguvu mbele. Ile R1 iko na diski mbili za milimetre 320 mbele, kila moja na etrie ya pistoni 4. Nyuma iko na diski moja ya milimetre 220 na etrie ya pistoni moja. Suzuki GSX-R na Honda CBR ziko karibu na ile hesabu. Hawakukosa chuma. Wangeweka freni kubwa nyuma, gurudumu ingefungika kila mara muguu unagusa pedali.

Tupige hesabu kidogo, kwani hesabu haidanganye. Moto inatembea kilometre 60 kwa saa. Ni kusema kila sekunde inapita metre karibu 17. Ku gudroni kavu na mupira muzuri, mwenye anatumia freni zote mbili vizuri anaweza kusimama ndani ya metre karibu 18 tangu freni zinashika. Mwenye anatumia ya nyuma peke yake anahitaji metre 40 na kupita. Kati ya ile 18 na ile 40 kuko urefu wa kamio nzima ya rumoke. Ndugu, wewe mwenye unasema freni ya mbele inaangusha mutu, fikiri ile kamio imesimama mbele yako.

Kwa hiyo tuweke wazi tangu sasa: hakuna mutu mwenye anakuambia uache freni ya mbele. Tunasema muguu pia uko na kazi yake.

Dereva mwenye alitengenezewa freni ya kidole

Kama freni ya nyuma ingekuwa ya bule, bingwa wa dunia angeiachilia wa kwanza. Historia ya Mick Doohan inaonyesha ingine.

Doohan ni mutu wa Australia. Mwaka 1992 alikuwa anaendesha Honda NSR500, pikipiki ya mashindano yenye nguvu ya kuogopesha. Alishinda mashindano 4 ya kwanza ya ule mwaka. Kiisha, mu mwezi wa 6, ku Assen mu inchi ya Uholanzi, akaanguka wakati wa mazoezi. Muguu wake wa kuume ulivunjika, na damu ikaanza kukosa kupita vizuri. Ilibakia kidogo waukate. Munganga mumoja wa Italia, Claudio Costa, akamuchukua na kushonesha miguu yake miwili pamoja, ili muguu muzima ulishe ule mugonjwa kwa damu. Doohan alirudia ku moto mbele ya mwaka kuisha, lakini akakosa ubingwa kwa poen 4 tu.

Muguu haukukatwa, lakini kifundo cha kuume hakikurudilia nguvu. Hakuweza tena kukanyaga pedali ya nyuma vizuri. Angeweza kusema: haizuru, freni ya mbele iko. Hakusema vile. Mwaka 1993 walimutengenezea manete ndogo ku gidoni, upande wa kushoto, yenye alikuwa anasukuma na kidole gumba. Ile manete ilikuwa inafunga gurudumu ya nyuma. Na ile freni ya kidole, alishinda ubingwa wa dunia mara 5 kufuatana, tangu 1994 mupaka 1998.

Leo madereva wengi wa MotoGP wenye miguu mizima wanatumia ile manete ya kidole. Juu ya nini? Kwanza, mu kona ya kuume moto inalala kupita digrii 60, na muguu wa kuume unakosa fasi: ukishusha pedali, botini inakwaruza chini. Pili, kidole kinasikia vizuri kupita muguu wenye umefungwa ndani ya botini. Hawaitumii juu ya kusimama. Wanaitumia juu ya kutuliza moto, kupunguza mwendo kidogo mu kona, na kushusha gurudumu ya mbele pale inataka kuruka.

Sisi hatutembei mu pisti ya Assen. Lakini sheria ya uzito iko moja, pale na hapa ku Kolwezi.

Kazi sita za muguu wa kuume

Ya kwanza: kufungua mulango wa freni. Ukitaka kusimama, gusa pedali polepole kwanza, kiisha paleplae vuta manete ya mbele, ukiongeza nguvu kidogo kidogo. Freni ya nyuma ikianza, inavuta moto chini, sehemu ya nyuma inakaa, na ya mbele haianguke kwa mara moja. Uzito ukishafika mbele, punguza muguu. Yaani mukono unaongeza, muguu unapunguza. Wengi wanafanya kinyume: wanaanza na muguu mwepesi, kiisha woga ukiwashika wanakanyaga kwa nguvu yote, saa ile ile gurudumu ya nyuma imeshakuwa nyepesi. Njo pale inateleza.

Ya pili: kutembea polepole. Moto ya sport haipendi mwendo wa muguu. Gidoni haigeuke mingi, motere inakataa chini, na moto inataka kulala. Mu foleni ya kamio ku barabara ya Likasi na Kolwezi, ao ukitaka kugeuka nyuma mu barabara nyembamba ya site, acha gazi kidogo ifanye kazi, shika ambrayaji nusu, na ukanyage freni ya nyuma kidogo. Gazi inasukuma, freni inashika, moto inakaa wima. Usiguse freni ya mbele wakati gidoni imegeuka: njo namna batu wazima wanaanguka na moto imesimama, mbele ya macho ya wote.

Ya tatu: ku mulima. Ukisimama ku mupando, shika moto na freni ya nyuma. Mukono wa kuume unabaki huru kwa gazi. Ambrayaji ikianza kuvuta, achilia pedali polepole. Moto haitarudi nyuma juu ya mwenzako.

Ya ine: barabara ya udongo na wakati wa mvua. Hapa uzito unageuza hesabu. Pale chini kunateleza, huwezi kufunga kwa nguvu. Na kwa sababu hufungi kwa nguvu, uzito hauende mingi mbele. Mupira wa nyuma unabaki na kazi ya kufanya. Kwa hiyo ku changarawe, ku matope, na ku udongo mwekundu wenye mvua imeanza kulowesha, sehemu ya muguu inaongezeka. Mukono unaendelea kufanya kazi, lakini kwa vidole viwili, polepole. Gurudumu ya nyuma ikiteleza kidogo, unaweza kuirudisha. Ya mbele ikiteleza, mara nyingi uko chini mbele ujue.

Ya tano: ukibeba mutu ao muzigo. Mama akiwa nyuma, ao sakosi nzito, gurudumu ya nyuma inapata uzito mingi. Freni ya nyuma inaweza kufunga zaidi mbele iteleze. Lakini moto nzima imekuwa nzito, kwa hiyo fasi ya kusimama inarefuka. Anza mapema.

Ya sita: kusema na wenye wako nyuma. Pedali ikiguswa, taa nyekundu inawaka. Kamio yenye tani nyingi nyuma yako, mu vumbi, inahitaji kukuona mapema. Gusa pedali mara mbili kidogo kidogo mbele ya dodane, kiisha ufunge. Na uangalie kama ile taa inawaka kweli, kwani kontakti yake iko karibu na pedali na vumbi inaijaza.

Namna kamio ya benne inashuka shimoni

Wachimbaji wa mashine wanajua hii vizuri kupita mekanisie wa muji. Kamio kubwa ya benne ikishuka mu shimo, shoferi hangoje kufika katikati ya mushuko juu ya kukumbuka freni. Anachagua vitesi juu, mbele ya kuanza kushuka, na anaacha mashine yenyewe ishike mwendo kwa ralantisere. Freni ya kusimamisha anaiweka akiba. Mwenye anashuka na freni moja tu kutoka juu mupaka chini, anaiunguza.

Ku pikipiki iko vile vile. Ku mushuko murefu, chagua vitesi ya chini juu, acha motere ishike, kiisha saidia na freni zote mbili kwa vipindi: funga, achilia, funga, achilia. Usiweke muguu juu ya pedali kutoka mwanzo mupaka mwisho. Diski ya nyuma ni ndogo, inapata joto haraka. Joto inaingia ndani ya etrie, mafuta ya freni yanachemuka, yanafanya mapovu ya hewa, na pedali inashuka bule bila kushika kitu.

Jambo ingine: ku mushuko uzito umeshakimbilia mbele, gurudumu ya nyuma ni nyepesi, inafungika mbio. Na motere ya sport ukiishusha vitesi haraka, yenyewe inafunga gurudumu ya nyuma. Ukiongeza na pedali, nyuma inaanza kuruka-ruka. Kwa hiyo, vitesi inashuka moja moja, ambrayaji inaachiliwa polepole, na muguu unakuwa mwepesi.

Kama nyuma imefungika

Hii mutu aijue mbele ya siku yake. Gurudumu ya nyuma ikifungika na moto ingali inatembea sawa, angalia mbele, achilia pedali kidogo, gurudumu izunguke tena. Lakini kama nyuma imeshatoka upande, imekuwa sawa mukia wa samaki, usiachilie pedali kwa mara moja. Gurudumu ikishika chini kwa gafula, moto inajinyoosha kwa nguvu na inamurusha dereva hewani, upande wa pili. Kuanguka kwa kuteleza kunakwaruza ngozi. Kule kwa kurushwa kunavunja mifupa. Kwa hiyo bakia na freni, macho mbele, mupaka mwendo uishe.

Moto mingi ya sport ya miaka ya sasa iko na ABS, ile mashine yenye inazuia gurudumu isifungike. Mu inchi za Umoja wa Ulaya ni lazima ku pikipiki mupya zenye kupita sentimetre kube 125, tangu 2016 kwa modeli mupya na 2017 kwa zote. Zile zenye zinafika kwetu okazio zinaweza kuwa nayo ao kuikosa. Angalia: ukiwasha kontakti, taa ya ABS inapashwa kuwaka, kiisha kuzimika ukianza kutembea. Na ukumbuke: ku changarawe na matope ABS inarefusha fasi ya kusimama. Haifanye muujiza.

Kurekebisha: anza na botini yako

Batu wakisema wanataka kuongeza nguvu ya freni ya nyuma, wanafikiri diski kubwa. Hapana. Nguvu iko ya kutosha. Kitu chenye kinakosa ni kusikia: muguu usikie gurudumu inafanya nini. Na pale kazi mingi haiombe makuta, inaomba mikono na saa moja ya Siku ya Mungu.

Botini ya kazi ya mugodi iko na chuma mbele na soli munene. Ni nzuri juu ya mawe, lakini haisikie pedali. Vaa ile botini yenye unaendesha nayo, keti ku moto, weka muguu fasi yake. Ncha ya botini inapashwa kukaa juu ya pedali bila kuigusa, na kuikanyaga kwa kushusha kifundo tu. Kama unapashwa kuinua muguu muzima, pedali iko juu sana, na siku ya woga utaikanyaga na uzito wote wa muguu. Pedali inarekebishwa na buloni ya ile fimbo yenye inasukuma pompu ya freni. Acha nafasi kidogo ya bule mbele pompu ianze kusukumwa. Ukiikaza mupaka mwisho, mafuta hayarudie nyuma, freni inabaki imeshika, inapata joto, kiisha inafunga gurudumu yenyewe mu barabara.

Ukimaliza, angalia tena taa nyekundu: inapashwa kuwaka mbele freni ishike.

Mafuta ya freni na hewa

Angalia kile kichupa kidogo cha nyuma. Mafuta mupya yako meupe ao manjano kidogo. Yakiwa na rangi ya chai, yamezeeka. Mafuta ya freni yanakunywa maji yenye iko mu hewa, hata kama kichupa kimefungwa, na maji inashusha joto ya kuchemuka. DOT 4 mupya haichemuke mbele ya digrii 230. Ikishakunywa maji, kipimo chake cha chini ni digrii 155. Njo maana inabadilishwa kila miaka 2. Soma ku kifuniko: kama wameandika DOT 4, tia DOT 4, ya kichupa chenye hakijafunguliwa. DOT 5 ni kitu ingine, ni silikone, usichanganye.

Na hii tunaisema kwa sauti, kwa sababu ya kazi yetu: usitie mafuta ya hidroliki ya mashine, wala mafuta ya motere. Yanavimbisha kauchu za ndani ya pompu na etrie. Leo freni inashika, kesho haishike, na hakuna mutu atajua siku gani.

Kama pedali ni laini sawa sponji, kuko hewa ndani. Namna ya kuitoa ni hii: weka kaduriti ka plastiki kenye kuonekana ndani ku buloni ya kutolea hewa, mwisho wake mu chupa yenye mafuta kidogo. Mwenzako akanyage pedali na kuishika. Fungua buloni robo ya muzunguko, mafuta na mapovu yatoke, funga. Nyuma ya kufunga tu, mwenzako aachilie. Rudilia mupaka mapovu yaishe, na usiache kichupa kikauke. Moto ya sport fulani ziko na etrie imewekwa chini ya mukono wenye unashika gurudumu, na buloni ya hewa haiko juu. Hewa inapanda juu siku zote. Ukitoa hewa bila kujua ile, utafanya kazi muchana muzima bule. Fungua etrie, iinue mupaka buloni ikae juu kupita vyote, weka kipande cha muti kati ya plaketi juu pistoni isitoke, kiisha toa hewa. Ku moto yenye ABS, fanya ile kazi na mekanisie mwenye anaijua.

Ukimwaga mafuta ya freni ku rangi ya moto, sukula na maji palepale. Yanakula rangi.

Vumbi, plaketi na tamburi

Etrie ya pistoni moja inatembea ku vyuma viwili vidogo. Ile vyuma ikijaa vumbi nyekundu na matope, etrie haitembee tena. Plaketi moja inaisha upande, ingine inabaki mupya, na pedali inakuwa ngumu lakini freni haishike. Toa ile vyuma, sukula, weka grisi ya silikone kidogo, rudisha. Mu miezi ya mvua ufanye vile mara kwa mara.

Plaketi ikibaki na milimetre moja ya kitu chenye kinafunga, usingoje; badilisha. Diski nayo iko na kipimo: tafuta herufi MIN TH zenye zimechapwa ku chuma chenyewe, upime na kipimio. Ikiwa chini ya pale, diski imekufa. Kama mafuta yanashuka mu kichupa, usiongeze mbele ya kuangalia plaketi, kwani plaketi zikiisha, mafuta yanashuka. Kama plaketi ziko nzuri na mafuta yanashuka, kuko fasi yanatoka: moto isiende barabarani.

Ukitia mafuta ku cheni, funika diski na kitambaa. Tone moja tu ku diski, na plaketi zimekunywa. Usisukule diski na gazwali. Maji na sabuni, kiisha kitambaa kikavu. Plaketi zikiwa mupya, uzifunge polepole mu kilometre za kwanza, mupaka zizoee diski.

Duriti ya kauchu ikizeeka inavimba kidogo kila mara unakanyaga, na nguvu ya muguu inapotea mule. Ile yenye inavaa nyuzi za chuma haivimbe. Kati ya vitu vya kununua, hii njo yenye muguu wako utaisikia zaidi, mbele ya kufikiri diski ya bei.

Na zile pikipiki ndogo za kazi, zenye ziko mingi ku nyumba zetu? Nyuma ziko na tamburi. Pedali inapashwa kushuka bule sentimetre 2 ao 3 mbele ishike. Unarekebisha na ekru ya nyuma. Kuko kamushale karibu na ile ekru chenye kinaonyesha kama garnitiri zimeisha. Ukifungua tamburi, usipulize vumbi na kinywa, wala na kompreseri. Ilowesha na maji, upanguze. Muchimbaji amekunywa vumbi ya kutosha ku kazi.

Kiwanja, mawe manne na saa moja

Hakuna dereva mwenye alijifunza freni siku ya ajali. Tafuta kiwanja kikavu, bila watoto. Vaa kasiki na botini yako ya kila siku. Weka mawe mawili kwa kuonyesha fasi ya kuanza kufunga. Kuja na kilometre 30 kwa saa, funga na muguu tu, weka jiwe pale umesimama. Rudi, funga na mukono tu, weka jiwe. Kiisha zote mbili, namna tumesema: muguu kidogo, mukono unaongeza, muguu unapunguza. Angalia mawe yako. Kiisha panda ku 40. Moto yenye haina ABS, usitafute kufunga gurudumu ya mbele. Tafuta tu kuongeza polepole.

Jifunze pia kugeuka nyuma polepole na gazi, ambrayaji na pedali. Na kama siku zote unabeba mutu, fanya mazoezi na mutu yule yule, mwendo wa chini.

Kila asubui, mbele ya posti, sukuma moto metre mbili, kanyaga pedali na mukono, gurudumu ishike. Inua muguu, gurudumu izunguke bila kukwaruza. Angalia kichupa, angalia taa nyekundu. Dakika moja inatosha. Mutoto mwenye anaweza kusimama nyuma ya moto na kusema "taa inawaka, baba" anaweza kusaidia hii kazi, na atakua akijua kama freni inaangaliwa mbele ya kutoka, si nyuma ya kuanguka.